Fiat Panda ya kwanza: gari ya bei chee, mchoraji yule yule wa Maserati

Nianze na ushauri wenyewe kabisa maana najua wengine mna haraka: kama uko huku Italia na unataka gari ndogo ya zamani ya kuendesha kweli, siyo ya kupaki na kupigia picha, tafuta Panda ya toleo la kwanza, zile za kuanzia 1980. Mi ninayo ya injini ya cc 903 ambayo waliiita Panda 45, na naipenda sana hii gari.

Watu wakiiona wanacheka, wanasema aliyechora alitumia rula tu akaenda kulala. Aliyechora ni Giorgetto Giugiaro jamani! Huyo huyo wa Maserati Ghibli ya 1966, BMW M1, Lotus Esprit, ile DeLorean ya milango inayofunguka juu, na Volkswagen Golf ya kwanza ya 1974 ambayo hata nyumbani wengi wanaijua. Hata Hyundai Pony ya 1975, gari ambayo Wakorea walijitangaza nayo duniani, ni mkono wake. Mwaka 1999 wakampa tuzo ya mbunifu wa magari wa karne. Sasa mtu wa kiwango hicho alipoambiwa achore gari ya mtu wa kawaida hakulipua kazi, na ndo sababu naandika hii rivyu, kwa sababu ukikaa ndani ya Panda unaona kabisa mtu alifikiria.

Kwanza mjue alikotokea. Alizaliwa 1938 Garessio, milimani huko Piemonte, babu yake alikuwa anachora picha kwenye kuta za makanisa na baba naye ni mtu wa rangi na brashi, kwa hiyo dogo alikuwa anaelekea hukohuko. Akaenda Torino kusoma sanaa, akaongezea na michoro ya kiufundi, na 1955 Dante Giacosa, mhandisi mkubwa wa Fiat, akaona michoro yake ya magari akamchukua kazini akiwa na miaka 17 tu. Kutoka hapo akapita Bertone, akapita Ghia, kampuni za kuchora magari, halafu 1968 akaanzisha kampuni yake na Aldo Mantovani, ndo Italdesign hiyo. Mantovani alikuwa mtu wa uhandisi na hapa ndo penye siri, maana walikuwa hawauzi mchoro mzuri peke yake, walikuwa wanakuletea na namna ya kulitengeneza hilo gari kiwandani bila kufilisika.

Basi 1976 Fiat, chini ya Carlo De Benedetti ambaye hata hakukaa pale muda mrefu, wakampa Giugiaro kazi ya Panda, gari ya nafasi lakini uzito na gharama visizidi Fiat 126, ile ndogo kabisa. Ilikuwa kiangazi, akaifanyia kazi akiwa Sardinia likizo.

Angalia vioo. Vyote ni bapa, mpaka cha mbele, kwa sababu kioo bapa ni rahisi kutengeneza kuliko kilichopinda. Ile sura ya rula mnayoicheka imetokea hapo, ni hesabu ya hela, na bado gari inapendeza. Dashibodi nayo hakuna droo wala mfuniko, ni mfuko mrefu wa kitambaa umepita mbele yako, unatupia simu, miwani, karatasi za maegesho, mkate, na kisahani cha majivu ya sigara kinateleza kushoto kulia juu yake, kila mtu anakivuta upande wake. Vitambaa vya viti vinatoka unafua kama mashuka. Tairi ya spea iko chini ya boneti, kwa hiyo buti yote ni yako.

Ila kiti cha nyuma ndo kimenimaliza. Ni kitambaa kimevutwa kwenye mabomba, basi, hakuna sponji nene. Unaweza kukilaza kikaungana na vya mbele ukapata kitanda, unaweza kukilegeza kikawa kama machela ukaweka vitu vya kuvunjika visigongane, au unakichomoa chote unabaki na kigari cha mizigo. Mi hubeba maboksi ya mboga ya sokoni humo na yanaingia bila kusukumana.

Sasa ubaya, maana upo. Nyuma ina springi za vyuma bapa kama za pikapu, ukipita barabara ya mawe mgongo unajua. Giya ni nne, barabara kuu kelele ni nyingi mpaka mnaongea kwa kupaza sauti. Eabegi hakuna, ni gari ya enzi zake, kwa hiyo kama una watoto wadogo na unasafiri mbali kila wiki chukua kitu kingine, hapo sitabishana na mtu. Na kutu! Hizi za mwanzo zinaliwa vibaya sana, inua kapeti uangalie sakafu, pita na tochi chini ya milango, usiamini rangi mpya.

Injini haina shida, ni ukoo mmoja na ya Fiat 127, spea zipo na fundi yeyote mzee huku anaijua amefumba macho. Ile ya 4x4 ya 1983, inayovuta kwa magurudumu yote manne, waliyosaidiwa na kampuni ya Steyr-Puch ya Austria, ni tamu zaidi milimani ila bei yake siku hizi imepanda vibaya.

Kabla hujalipa ulizia pia karatasi za gari la kihistoria, maana magari ya petroli ya Euro 0, yaani ya zamani kabla ya viwango vya moshi vya Ulaya, yamebanwa sana kuingia Torino, na karatasi hizo zinaweza kukusaidia. Na ukipata yenye kiti cha nyuma cha kitambaa cha asili ambacho hakijachanika, usivutane sana kwenye bei.