Miche ya nyanya ikitolewa nje: maji juu au chini?

Siku za kuikomaza miche nje kabla ya kuihamishia shambani, jua na upepo hukausha trei upesi. Kumwagilia juu kwa keni ni haraka, ila majani hubaki yameloa na matone hurusha udongo kwenye majani ya chini. Bakajani, ugonjwa wa mabaka kwenye majani, hupenda hapo. Ukilazimika, fanya asubuhi.

Mimi naegemea kunywesha chini. Weka trei yenye matundu kwenye beseni la maji ya kina cha sentimita 2 hivi, ngoja udongo wa juu ubadilike rangi uwe mweusi, kisha itoe ichuruzike. Ukiisahau humo, mizizi hukosa hewa.

Kwa njia yoyote, usifuate saa: inua trei, ikiwa nyepesi ndipo unyweshe.