Bucha la Mbuyuni linalouliza kwanza utapika nini

Kwa mwaka mzima sasa nimekuwa nikinunua nyama katika bucha dogo lisilo na bango, lenye mlango wa bluu, hatua chache kutoka soko la Mbuyuni hapa Moshi, na kinachonirudisha ni swali ambalo muuzaji humuuliza kila mteja kabla hajashika kisu: "Unakwenda kupika nini, mama?"

Swali hilo lina uzito katika mji ambamo Mchagga, Mpare, mtu wa pwani na mgeni aliyekuja kupanda Kilimanjaro hupanga foleni moja, kila mmoja akiwa na nyama yake anayoiona ndiyo nyama. Mama mkwe wangu hakubali mtori wa mnofu mtupu. Anataka muundi pamoja na mfupa wenye uboho na ile mishipa migumu ambayo wengi huitupa, kwa kuwa mishipa hiyo ikichemka kwa saa kadhaa hulegea na kuufanya mchuzi kuwa mzito hata kabla ndizi mshale hazijapondwa. Muuzaji huukata muundi kwa msumeno, taratibu, na kuifuta sehemu iliyokatwa kwa kitambaa safi. Katika bucha nililolitumia zamani mifupa ilipasuliwa kwa shoka juu ya gogo, na siku moja mwanangu alikwamwa na kibanzi cha mfupa kooni. Tangu hapo jambo hili silichukulii kwa wepesi.

Kisusio, ile supu ya damu na nyama za ndani za mbuzi inayopendwa katika sherehe za Kichagga, jirani yangu Mwislamu kutoka Tanga hawezi kukigusa, kwani damu ni haramu kwake. Bucha hili haliuzi damu kabisa, na anayeihitaji huelekezwa kwingine kwa adabu.

Mwezi Agosti nilikwenda na mgeni wetu Mmarekani, ambaye aliomba sirloini. Muuzaji alielekeza kisu mgongoni mwa ng'ombe, kwenye sarara, kama walivyomzoesha wateja wake Waingereza. Mgeni akatikisa kichwa na kuweka mkono juu ya nyonga yake mwenyewe. Wote wawili walikuwa sahihi, maana sirloini ya Mmarekani hutoka nyuma zaidi, mahali ambapo Mwingereza hupaita rampu. Muuzaji alicheka, akakata pale mkono ulipoonyesha, akaacha na mafuta ya juu bila kuambiwa.

Nyama ile, hata hivyo, ilikuwa ngumu ilipokaangwa. Kwetu ng'ombe huchinjwa alfajiri na kuliwa siku hiyohiyo, nasi tunaiita nyama freshi kwa kuisifu, ilhali Marekani na Ulaya nyama ya steki aghalabu hutunzwa kwenye baridi kwa wiki mbili au zaidi, ili vimeng'enya vyake vyenyewe viilainishe. Kwa mchuzi unaochemka saa tatu tofauti hiyo haina maana, lakini kwa nyama ya kukaanga dakika nne ina maana kubwa, na ninamsihi mwenye bucha atenge walau friji moja kwa kazi hiyo.

Kidari nacho huisha kabla ya saa mbili asubuhi, kwa sababu wachoma nyama hukiwahi. Anayekitaka ampitie muuzaji jioni ya kuamkia siku hiyo, naye atamwekea.