Gundi ya Kuunga Plastiki: Ipi Ununue Kwanza

Kabla hujanunua gundi yoyote, geuza chombo chako utazame kitako. Mara nyingi utakuta pembetatu ya mishale yenye namba kati ya 1 na 7. Namba hiyo ndiyo ya kukuchagulia gundi, si maneno makubwa ya kwenye pakiti. Namba 2 na 4 ni poliethilini, namba 5 ni polipropilini: ndoo, madumu, mabeseni na vifuniko vingi vimo humo. Plastiki hizi zinateleza kama nta, na gundi nyingi zikishakauka juu yake unaibandua kwa ukucha. Watu wengi hupoteza pesa hapo.

Nafasi ya kwanza naipa epoksi ya mirija miwili, mmoja wa gundi yenyewe na mwingine wa kigumishi cha kuikausha. Inashika vizuri plastiki ngumu kama ABS (ile ya maganda ya vifaa vya umeme), inashika faibaglasi, yaani plastiki iliyotiwa nyuzi za kioo, na inaunga plastiki na chuma. Kati ya ile ya dakika 5 na ile inayokomaa kwa saa 24, chukua ya saa 24. Kwa kawaida ina nguvu zaidi. Sugua kwa msasa mpaka mng'ao uishe, futa kwa spiriti, kisha changanya kwa kipimo kilichoandikwa. Kuzidisha kigumishi hakuharakishi kazi, kunaacha kiungo dhaifu. Kwa faibaglasi ya zamani, resini ya poliesta ni rahisi kwa bei, lakini kiraka cha epoksi hushika vizuri zaidi.

Ya pili si gundi kabisa: ni kuchomelea kwa joto, na kwa namba 2, 4 na 5 ningeanza na hii. Nunua kifaa chenye kurekebisha joto, pamoja na vijiti vya plastiki ya aina ileile. Polipropilini huyeyuka karibu na nyuzi 160 za Selsiasi, poliethilini ngumu (namba 2) karibu na 130, na hizo mbili hazishikani vizuri. Toboa kitundu kidogo kwenye ncha ya ufa usiendelee kukimbia, kisha chimba mfereji kuufuata ufa, ndipo ujaze. Namba 3, yaani PVC, usiichome kamwe; hutoa gesi kali inayounguza mapafu.

PVC ina gundi yake ya mabomba, inayolainisha pande zote mbili zikashikana. Hiyo ni ya tatu, kwa kuwa inafaa kazi chache tu.

Supagluu ni ya nne. Ni nzuri kwa kipande kidogo kilichokatika safi, ila haijazi pengo, na kiungo chake hukatika kikipindwa au kikigongwa.

Silikoni na gundi ya kuyeyusha kwa bunduki naziweka mwisho. Zinaziba, hazibebi uzito.

Chombo cha chakula au maji ya kunywa usikiunge kwa chochote kati ya hivi, isipokuwa pakiti imeandikwa wazi kwamba ni salama kwa chakula.