LibreNMS kwa minara ya Iringa, Mbeya na Tukuyu

Mtandao wa minara unaoanzia Iringa, ukapita Makambako hadi Mbeya na kuteremka Tukuyu, una umbo la kamba: ikikatika mahali pamoja, vituo vyote vya mbele vinapotea. Programu ya kuusimamia tunaipima kwanza kwa hilo. Je, itamwonyesha fundi kifaa kilichozimika, au itamwaga tahadhari arobaini kwenye simu yake usiku wa manane?

LibreNMS, programu huria ya kusimamia mitandao iliyochipuka kutoka nyingine iitwayo Observium mwaka 2013, inaweza, ila lazima uielekeze. Majirani inawagundua yenyewe kwa LLDP au CDP (itifaki ambazo vifaa hutumia kujitambulisha kwa majirani), lakini nani anamtegemea nani unajaza wewe. Seva ikiwa Iringa, mzazi wa ruta ya Mbeya ni ya Makambako, na mzazi wa ya Tukuyu ni ya Mbeya. Umeme ukikatika Makambako, tahadhari za watoto zinanyamazishwa. Tatizo ni kwamba mtoto akiulizwa hali yake na programu kabla ya mzazi, ujumbe wake unatangulia. Kwa hiyo weka kanuni ya tahadhari isubiri dakika kadhaa kabla ya kutuma.

Kosa tunaloliona baya kuliko yote ni la vihesabu vya data inayopita kwenye poti, kwa sababu halipigi kelele. Kihesabu cha biti 32 kwenye poti ya gigabiti 1 iliyojaa hurudi sifuri kila sekunde 34 hivi, ilhali programu huuliza kila dakika 5. Grafu itachorwa vizuri tu, na itakuwa ya uongo. SNMP, itifaki ambayo programu hutumia kuuliza vifaa, katika toleo la 1 haina vihesabu vya biti 64, basi tumia 2c au 3. Toleo la 2c hupitisha neno la siri wazi bila kulificha, kwa hiyo vifaa vinavyopokea toleo la 3 vipewe hilo, na “public”, neno la siri la kiwandani, liondolewe kila mahali.

Mapengo kwenye grafu mara nyingi ni diski. Kila poti ina faili lake la RRD (hifadhi ya vipimo vya grafu), na poti zikiwa nyingi, diski ya kuzunguka huenda isiwahi kuandika yote ndani ya sekunde 300. Weka SSD (diski isiyozunguka), washa rrdcached inayoandika mafaili hayo kwa mafungu, kisha endesha validate.php, hati ya LibreNMS ya kujikagua, uone kinacholalamika.

Grafu za nguvu ya mawimbi ya redio zinatupendeza sana. Viungo vya redio vya masafa ya juu ya 10 GHz hufifia mvua kubwa ikinyesha na kurudi ikikatika. Mawimbi yakishuka siku kavu na yasirudi, mtume fundi akague antena kama haijasukumwa na upepo.

Tahadhari za Telegram zisitegemee njia ileile ya intaneti inayochunguzwa. Ipe seva modemu yenye laini ya simu kama njia ya pili. Kuhifadhi mipangilio ya ruta LibreNMS haifanyi. Iunganishe na Oxidized, programu inayonakili mipangilio hiyo.