Ukiacha maziwa ya ng'ombe, ununue yapi? Kuanzia soya hadi mchele

Wengi wanaoacha maziwa ya ng'ombe huanzia kwenye rafu ya supamaketi, mbele ya maboksi ya maziwa ya lozi. Wananunua boksi moja, wanamimina kwenye chai, chai inakuwa majimaji, na wiki inayofuata wamerudi kwa ng'ombe. Hawakujiuliza kwanza maziwa walikuwa wanayatumia kwa kazi gani nyumbani. Anayekunywa glasi nzima asubuhi kama chakula ana hitaji moja. Anayetaka tu chai iwe nyeupe ana hitaji jingine kabisa.

Mpangilio huu wa maziwa ya mimea nimeupima kwa mambo matatu: maziwa yanalisha kiasi gani, yanavumilia vipi moto wa chai yetu ya kuchemsha, na lita moja inakutoka kwa bei gani. Ladha nimeiweka nyuma kidogo, kwa sababu ulimi huzoea.

Kabla hujatoa hela

Kama shida yako ni tumbo kujaa gesi na kuharisha baada ya glasi ya maziwa, huenda ni laktosi, sukari ya asili iliyomo kwenye maziwa. Miili ya watu wazima wengi duniani hupunguza kimeng'enya cha kuivunja sukari hiyo kadiri wanavyokua. Wanaoendelea kuwa nacho ukubwani wamejaa zaidi kwenye jamii zenye historia ndefu ya ufugaji. Mwaka 2007 Sarah Tishkoff na wenzake walichapisha utafiti uliohusisha watu wa Tanzania, Kenya na Sudan, wakaonyesha kwamba uwezo huo ulizuka huku kwetu kwa mabadiliko ya vinasaba tofauti na yale ya Ulaya. Ndiyo maana rafiki yako aliyetoka kwenye ukoo wa wafugaji anamaliza kibuyu akiwa mzima, na wewe kikombe kimoja kinakulaza. Hakuna mgonjwa kati yenu.

Mtu wa namna hiyo ajaribu mtindi kwanza. Bakteria wanaougandisha wamekwisha kula sehemu ya laktosi, na wapo wengi ambao mtindi hauwasumbui kabisa. Wakiridhika nao, wabaki nao, wasitumie hela bure.

Mzio wa protini ya maziwa ni habari nyingine: vipele, midomo kuvimba, kifua kubana. Huyo mtindi pia haumfai, na kabla ya kwenda dukani aonane na daktari.

Namba moja: soya

Nikiulizwa nini kinachukua nafasi ya maziwa ya ng'ombe kwa haki, nasema soya, na sisiti. Glasi ya mililita 250 ya maziwa ya ng'ombe ina protini gramu 8 hivi. Soya nzuri inakupa 7 hadi 8, na protini yake imekamilika, yaani ina amino asidi (vijenzi vya protini) zote ambazo mwili hauwezi kujitengenezea. Katika orodha hii hakuna mwingine anayefika hapo. Inachemka na majani ya chai bila kugeuka uji, inagandishwa kuwa mtindi, na inaingia kwenye maandazi bila mtu kujua.

Nyingi hulimwa Nyanda za Juu Kusini na Ruvuma, na punje zake zinapatikana kwenye maduka ya nafaka mjini. Angalia unachouziwa, kwa sababu soya nyingi iliyoko sokoni imekwisha kukaangwa na kusagwa kwa ajili ya uji wa lishe au kinywaji cha kuchanganya na maji ya moto. Unga huo hautoi maziwa mazuri. Unataka punje nzima, mbichi, kavu. Uliza waziwazi: "Kaka, hii imekaangwa?" Halafu chukua punje chache uzitazame kiganjani. Ziwe za manjano hafifu, zilizolingana, zisizo na vitundu vya wadudu wala madoa ya ukungu. Ikiwa gunia linatoa harufu ya uvundo, achana nalo hata kama bei imeshuka.

Kikombe kimoja cha soya kavu kinatoa takriban lita moja na nusu ya maziwa. Kilo moja basi inakaribia lita nane. Ukiwa dukani chukua bei ya kilo, igawe kwa nane, ulinganishe na lita ya maziwa ya ng'ombe unayonunua mtaani kwako. Hesabu hiyo ndiyo imewageuza watu wengi kuliko hotuba yoyote ya afya.

Loweka usiku kucha, vua maganda kwa kusugua na mikono, kisha saga kwa maji ya moto. Hapa ndipo wengi wanapokwama. Ile harufu ya maharage mabichi inayowakimbiza watu inatokana na kimeng'enya kinachoamka punje inapovunjwa. Maji ya moto hukizima kabla hakijafanya kazi. Angalia tu blenda yako iwe inavumilia joto, usiijaze, na acha mvuke utoke. Chuja kwa kitambaa safi, rudisha jikoni, na chemsha kwa moto mdogo dakika 20 huku ukikoroga, maana hupanda kwa povu na kushika chini. Usiufupishe muda huo: soya isiyoiva ina vitu vinavyozuia mwili kuyeyusha protini, na tumbo litakueleza. Tia chumvi kidogo sana, iliki mbili. Kwenye friji hukaa siku tatu.

Wanaume huniuliza kuhusu homoni. Soya ina isoflavoni, kemikali za mmea zinazofanana kiasi na homoni ya kike. Lakini chambuzi zilizokusanya tafiti nyingi pamoja, mwaka 2010 na tena 2021, hazikukuta homoni ya kiume ikishuka kwa wanaume wanaokula soya. Kunywa, kaka. Mwenye tahadhari ni yule anayemeza dawa za tezi ya shingo, kwa sababu soya hupunguza dawa inayoingia mwilini. Aziachanishe kwa saa kadhaa na amwambie daktari wake.

Ya boksi je? Ni nzuri, hasa ile iliyoongezwa kalsiamu, ila kwa kuwa mengi huagizwa kutoka nje, utalipia na safari yake.

Namba mbili: korosho

Hii nimeipandisha juu kwa makusudi. Tanzania ni nchi ya korosho: Mtwara, Lindi, Ruvuma, Pwani. Sehemu kubwa ya mavuno huondoka ghafi kwenda India na Vietnam kubanguliwa huko, huku sisi mjini tukinunua boksi la lozi za California. Inaniuma. Kila anayenunua korosho iliyobanguliwa hapa nyumbani anaacha hela kidogo zaidi kwa kina mama wanaobangua.

Kwa chai, korosho inashinda soya. Ni laini, tamu kwa asili yake, haina harufu ya maharage, na ukisaga sawasawa huhitaji kuchuja. Glasi ya kutengeneza nyumbani, kikombe kimoja cha korosho kwa vinne vya maji, ina protini kama gramu 5 kwa sababu hutupi kitu. Wanga wake huifanya iwe nzito ikipata moto, hivyo chemsha majani, tangawizi na mdalasini kwanza, kisha mimina maziwa mwishoni na uache yatokote mara moja tu.

Unaponunua, usichukue nzima nzima nyeupe za zawadi. Omba vipande, zile zilizovunjika wakati wa kubangua. Bei hushuka sana na ndani ya blenda hakuna anayejua tofauti. Ziwe hazijakaangwa wala kutiwa chumvi. Bana kipande kwa kucha: kikivunjika kwa mlio ni kikavu na kizuri, kikinepa kimeshika unyevu. Onja kimoja pia, kwa kuwa korosho ya zamani huacha uchungu wa mafuta yaliyochacha kooni. Na usinunue zenye maganda ukidhani utabangua mwenyewe uani. Mafuta ya ganda yanaunguza ngozi.

Namba tatu: oti

Kwa ladha ya kahawa, maziwa ya oti ya boksi ndiyo yanayokaribia zaidi ya ng'ombe. Yalibuniwa Uswidi, Chuo Kikuu cha Lund, na Rickard Öste mwanzoni mwa miaka ya 1990. Vimeng'enya hutumika kuvunja wanga wa oti kuwa sukari, ndiyo sababu ni matamu hata kama hayakutiwa sukari. Mwenye kisukari alijue hilo. Protini ni gramu 2 hadi 3 kwa glasi. Yale yaliyoandikwa Barista yameongezwa mafuta na kirekebisha asidi ili yasikatike kwenye kahawa, na kwa kahawa yanastahili bei yake.

Ya kutengeneza nyumbani ni rahisi mno kifedha, lakini yakichemka yanakuwa uji. Saga kwa maji baridi, nusu dakika tu, chuja bila kukamua, na utie kwenye kikombe badala ya sufuria.

Namba nne: tui la nazi

Wapwani watanilaumu kwa kuliweka hapa. Tui ni mfalme wa chakula: wali, maharage, kisamvu, mchuzi wa samaki, vitumbua. Nyumba inayopikia tui tayari imepunguza maziwa ya ng'ombe bila kutangaza. Ila kama kinywaji cha kila siku, mafuta yake mengi ni ya aina inayopandisha lehemu (kolesteroli), na protini ni ndogo. Kwa chai tumia tui jepesi, la mkamuo wa pili, na koroga mfululizo lisije likakatika.

Nazi uchague kwa mkono: iwe nzito, ukiitikisa maji yacheze ndani, macho yake matatu yawe makavu bila ukungu. Tui la kopo ni la kupikia. Lile la boksi la kunywa ni kitu kingine, limechujwa na kuongezwa maji mengi, na ukilitia kwenye wali utasikitika.

Namba tano: karanga na ufuta

Bei ni nafuu, protini ya karanga ni nzuri, ladha ni kali na huwezi kuificha. Inafaa zaidi kwenye uji. Hofu yangu ni sumukuvu, sumu inayotokana na ukungu. Mwaka 2016 watu walikufa Dodoma na Manyara kwa mahindi yaliyokuwa na sumu hiyo, na karanga hushambuliwa na ukungu huohuo. Chagua moja moja. Zilizosinyaa, zilizobadilika rangi au chungu zitupwe, maana kuchemsha hakuiondoi sumu. Ufuta unafaa kuchanganya, vijiko viwili ndani ya korosho. Peke yake ni mchungu.

Namba sita: lozi

Soma lebo. Boksi nyingi za Ulaya zina lozi asilimia 2 hadi 3. Kinachobaki ni maji, chumvi na vitu vya kuyafanya yawe mazito. Glasi ina protini gramu 1 hivi. Anayepunguza uzito au sukari atapenda yale yaliyoandikwa Unsweetened, yaani yasiyotiwa sukari, kwa kuwa nguvu yake (kalori) ni ndogo mno. Kwa mwingine yeyote, hasa anayelisha familia, ni hela nyingi kwa chakula kidogo.

Ya mwisho: mchele

Wanga mtupu, sukari juu. Yabaki kwa mwenye mzio wa soya na njugu zote. Uingereza huwashauri wazazi wasiwape watoto wa chini ya miaka 5 kwa sababu ya arseniki, sumu inayokusanywa na mpunga.

Kalsiamu, na watoto

Glasi ya maziwa ya ng'ombe hutoa kalsiamu karibu miligramu 300. Soya au korosho uliyosaga mwenyewe haifiki hata robo yake. Ukinunua boksi, tafuta miligramu 120 kwa kila mililita 100, na litikise vizuri kabla ya kumimina, kwa kuwa madini hayo hutuama chini na watu wengi huyatupa pamoja na boksi. Ukisaga nyumbani, ongeza dagaa wanaoliwa na miiba yao. Asiyekula kabisa vitu vya wanyama anahitaji vitamini B12 ya vidonge au ya chakula kilichoongezwa, mimea haina.

Mtoto chini ya mwaka mmoja asipewe lolote kati ya haya badala ya maziwa ya mama au ya kopo yaliyotengenezwa kwa ajili ya watoto wachanga. Akishavuka mwaka, ni soya iliyoongezwa madini, na kwa kumuuliza mhudumu wa kliniki anakopimwa uzito. Lozi, oti na mchele havitoshi kumkuza.

Makapi

Makapi ya soya yana protini na nyuzinyuzi, usiyatupe. Yamebaki mabichi, kwa hiyo lazima yaive kabisa: kanda kikombe kimoja ndani ya unga wa chapati ukipunguza maji, au yachanganye na kitunguu, pilipili na kotmiri ukaange kama bajia. Chicha la nazi likaushe juani, linafaa kwenye kashata au kwa kuku. Yote mawili yanachacha haraka, kwa hiyo yatumie siku hiyohiyo au yaingie friji ya kugandisha.