Ukiwa hufi: ukae Ujiji au uhamie kambi za dagaa?

Tuseme umri umekugomea kwenye 35 na uko Kigoma. Ujiji utaumbuka mapema, maana wale mabibi wa barazani wanajua nani kazaliwa lini na mama yake alijifungulia wapi, watoto wako wanaota mvi we uko vilevile, hapo ushaitwa mchawi. Kambini afadhali, wavuvi wanajaa kipindi cha giza, mbalamwezi ikitoka wanatawanyika, nani akuulize ukoo.

Ila laini ya simu ndo balaa kotekote, kusajili ni alama za vidole na namba ya NIDA, yaani ya kitambulisho cha taifa, na ile namba inaanza na tarehe ya kuzaliwa, sasa miaka 60 mbele wakala anacheki skrini, anakucheki usoni... Mi naenda kambini, simu ntaazima.