Mpira wa mazoezi kwa bega linalouma: bapa, bomba au pete?

Kwa bega, nunua mpira bapa mrefu, wa mita 1.5 hadi 2. Ule wa pete, wa mazoezi ya mapaja, ni mfupi mno: mkono haujafunguka, nao umeshakaza. Wa bomba wenye vishikio ni mzuri kwa kuvuta, ila mara nyingi huwa mzito kwa kazi hii.

Kazi yenyewe ni ya rotata kafu, misuli minne inayotoka kwenye kombe la mkono na kukishika kichwa cha mfupa wa mkono kisihame kwenye kikombe chake, ambacho hakina kina kirefu. Kano inayoumia zaidi ni ya supraspinatasi, mmojawapo wa misuli hiyo minne; kano hiyo hupita chini ya paa la mfupa. Ndiyo maana bega huchoma mkono ukiinuliwa kando, hasa kati ya nyuzi 60 na 120.

Rangi zisikudanganye, kwani si kila kiwanda kina mpangilio uleule. Kipimo ni hiki: usipofikisha marudio 10 bila bega kupanda kuelekea sikioni, mpira ni mzito, na misuli ya shingo imeshapora kazi.

Piga fundo, libane mlangoni kwa kimo cha kiwiko, usimame upande ambao mlango haufungukii, ili ukivuta uzidi kujifunga. Fanya kwa mkono ulio mbali na mlango: kiwiko nyuzi 90, taulo lililokunjwa kati yake na ubavu. Peleka kiganja nje, kisha kirudishe kwa sekunde 3. Hapo kwenye kurudisha ndipo wengi huuachia mpira, wakapoteza nusu ya zoezi. Taulo likianguka, kiwiko kimetoroka. Seti 2 au 3 za marudio 10 hadi 15, siku tatu kwa wiki, zinatosha kuanzia. Maumivu yakiwa bado yamezidi kesho yake, punguza.

Jua na mafuta huula mpira huu. Ukague kila mara, hasa penye fundo. Ukiona ufa hata mdogo, utupe, maana ukikatika hurukia usoni. Mwenye mzio wa lateksi, yaani mpira wa asili, atafute usio na lateksi.

Aliyeanguka kisha akashindwa kuinua mkono asiuguse mpira kabla ya kuonwa na daktari, kwani kano inaweza kuwa imekatika. Vilevile bega ambalo hata mtu mwingine akilizungusha nje haliendi: hilo huenda limeganda, jambo linalowapata zaidi wenye kisukari, na mpira si tiba yake ya kwanza.